Mwaka Hewa Ilipohesabiwa

Agosti 1952, katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam mjini Copenhagen, Denmaki, karibu kila mgonjwa aliyeshindwa kupumua alikuwa anakufa. Polio ilikuwa imeushika mji tangu Julai. Kwa wengi ilipita kama mafua. Wengine iliwapooza mguu au mkono. Lakini kwa baadhi kirusi kilipanda hadi kwenye shina la ubongo, sehemu inayoongoza kumeza na kupumua, na hao ndio waliowashinda madaktari. Katika wiki tatu za kwanza walipokelewa wagonjwa 31 wa namna hiyo. Walikufa 27.

Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, pamoja na mashine sita ndogo za kuvalishwa kifuani. Pafu la chuma ni pipa kubwa ambalo mgonjwa analazwa ndani yake, kichwa kikibaki nje. Pampu inapunguza mgandamizo wa hewa ndani ya pipa, kifua kinapanuka, hewa inaingia puani; pampu ikiachia, hewa inatoka. Lilibuniwa Boston mwishoni mwa miaka ya 1920 na lilikuwa limeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba lilimfaa aliyepooza misuli ya kifua, si yule ambaye pia hawezi kumeza. Huyo alizama katika mate yake mwenyewe, na mashine ikazidi kuyavuta mate hayo kuelekea mapafuni.

Mganga mkuu aliitwa Henry Lassen. Tarehe 25 Agosti aliitisha kikao, na kwa ushauri wa daktari aliyekuwa chini yake, Mogens Bjørneboe, akakubali kumwalika mtu ambaye kwa desturi ya wakati ule hakuwa na la kufanya katika wodi ya polio: Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi. Watu wa kazi yake walikaa kwenye chumba cha upasuaji. Walimlaza mgonjwa usingizi, wakambania mfuko wa mpira uliojaa hewa ili mapafu yaendelee kufanya kazi wakati daktari mpasuaji anakata, kisha wakamwamsha. Hawakuulizwa maoni juu ya maradhi.

Ibsen alitazama taarifa za wagonjwa na uchunguzi wa maiti wanne. Mapafu aliyoyaona hayakuwa yameharibika kiasi cha kutofaa kitu. Kwa nini basi wenye mapafu hayo walikuwa wamekufa?

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo penye kiini. Tukitaja hewa ya kupumua, sisi tuliosoma sayansi ya sekondari tunakimbilia oksijeni: asilimia 21 ya hewa, naitrojeni 78, mengine mabaki. Hata historia tuliyofundishwa inaanzia hapo. Joseph Priestley, mchungaji Mwingereza, alifunika panya chini ya gilasi katika miaka ya 1770 akiangalia atadumu muda gani. Lavoisier wa Ufaransa akaipa oksijeni jina na kueleza kwamba kupumua ni aina ya kuungua. Kwa hiyo tunaamini kwamba hewa nzuri ni hewa yenye oksijeni ya kutosha. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kutoa. Mwili unaounguza chakula unazalisha hewa ukaa kila sekunde, na isipotoka inageuza damu kuwa na asidi. Mtu anaweza kufa ana oksijeni tele.

Ndivyo ilivyokuwa Blegdam. Wagonjwa walipewa oksijeni, ngozi zao zikabaki na rangi nzuri, na madaktari wakaona rangi ile wakadhani mapafu hayana shida. Walikuwa wanatokwa jasho, shinikizo la damu likipanda, kisha wanapoteza fahamu na kufa. Maabara ilipima jumla ya hewa ukaa katika damu na kuikuta kubwa mno, na wakubwa wakaitafsiri kuwa damu imezidi alkali kwa sababu isiyoeleweka. Ibsen alisema ni kinyume chake. Damu ina asidi, kwa sababu mgonjwa anavuta kidogo na hatoi kabisa. Kinachomuua ni hewa iliyokwama.

Aliambiwa athibitishe. Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 aliyepooza mikono na miguu yote, anayehema kwa shida, ambaye hakuna aliyetarajia angeuona usiku. Daktari mpasuaji alimtoboa koo na kupitisha mrija kwenye bomba la hewa. Hali ikawa mbaya zaidi. Njia za hewa zilijibana, msichana akahangaika, na Ibsen akabana mfuko wake bila hewa kuingia. Madaktari waliokuja kutazama walianza kutoka chumbani. Ibsen akafanya jambo ambalo mtu wa nje angeliona ni wazimu: akampa dawa ya usingizi. Msichana akalegea, akaacha kabisa kujipumulia, na hapo mapafu yakafunguka. Hewa ikaingia, ikatoka. Waliotoka waliporudi, walimkuta hai, jasho limekauka, hewa ukaa katika damu imeshuka. Wakamhamishia kwenye mashine ya kifuani, akazidiwa tena. Wakamrudishia mfuko na mkono wa mtu, akatulia.

Hoja ilikwisha, lakini shida kubwa ndiyo kwanza ikaanza. Mfuko ule unahitaji mkono, na mkono una mwenyewe, na mwenyewe huchoka. Wakati ugonjwa ulipofikia kilele hospitali ilipokea hadi wagonjwa 50 kwa siku, na ilifika wakati wagonjwa 70 kwa pamoja walihitaji kupumuliwa na mtu mwingine. Nani angeifanya kazi hiyo saa 24? Waliitwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kisha na wanafunzi wa udaktari wa meno. Walifanya kazi kwa zamu, wakilipwa ujira mdogo. Kabla mambo hayajaisha wanafunzi wapatao 1,500 walikuwa wamekaa kwenye vile viti kando ya vitanda, na jumla ya saa zao ilikadiriwa kufika 165,000.

Nilipokutana na namba hiyo maktabani niliiacha ipite, kama tunavyoacha namba zipite tunapokuwa na sura ya tasnifu ya kumaliza. Baadaye nilichukua simu nikapiga hesabu. Ukikadiria pumzi 20 kwa dakika, saa moja ni pumzi 1,200. Zamu ya saa sita ni 7,200. Saa 165,000 ni pumzi milioni 198. Kila moja ilibanwa na kiganja cha kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtihani wake, mpenzi wake, na usingizi wake. Kwa umri wangu mimi na wewe.

Kazi yenyewe haikuwa na ushujaa wa kupigia picha. Unabana, unaachia, unabana, unaachia. Mgonjwa hawezi kusema kwa sababu ya mrija kooni, kwa hiyo unajifunza kusoma macho yake: anataka hewa zaidi, anataka kidogo, anataka kugeuzwa. Wanafunzi waliwasomea watoto hadithi huku wanabana. Usiku taa zilipunguzwa ili wagonjwa walale, na katika giza lile hapakuwa na chombo cha kuonyesha mapigo ya moyo kama vile tunavyoona kwenye filamu. Ilitokea mwanafunzi akabana mfuko hadi alfajiri ndipo ijulikane kuwa aliyekuwa akimpumulia amekwisha kufa. Wapo walioshindwa kurudi kwenye zamu, na siwezi kuwalaumu.

Lakini hesabu ilibadilika. Vifo vya wagonjwa wa aina ile, ambavyo mwanzoni mwa mlipuko vilikuwa karibu tisa kati ya kila kumi, vilishuka katika miezi iliyofuata hadi kuwa chini ya nusu. Yule msichana wa miaka 12 aliishi miaka mingi baadaye, akipumua kwa msaada. Mwaka 1953 Ibsen alianzisha katika hospitali nyingine ya Copenhagen chumba cha kuwaweka pamoja wagonjwa wote wanaohitaji kuangaliwa pumzi na damu kila dakika. Vyumba vyote vya wagonjwa mahututi tunavyovijua, kuanzia Muhimbili hadi Nairobi, vina undugu na chumba kile.

Sasa twende London, Desemba ya mwaka uleule. Ni kiasi cha kilomita 950 kutoka Copenhagen, na wanafunzi wa Blegdam walikuwa bado wanabana mifuko yao. Nauleta mji huo hapa kwa sababu nadhani miji hii miwili ilifanyiwa mtihani mmoja mwaka mmoja, na majibu yake yalitofautiana vibaya.

Ijumaa tarehe 5 Desemba hewa baridi ilitulia juu ya London bila upepo. Kwa kawaida moshi hupanda kwa sababu hewa ya chini ina joto kuliko ya juu. Siku zile ikawa kinyume: hewa ya joto ilikaa juu kama mfuniko wa sufuria, na chochote kilichotoka kwenye bomba la moshi kilibaki mitaani. Na mabomba yalikuwa mengi. Nyumba karibu zote zilijipasha joto kwa makaa ya mawe, na vituo vya umeme vilikuwa ndani ya mji. Uingereza iliyotoka vitani ikiwa na madeni iliuza makaa yake mazuri nje ya nchi, na mwananchi akabakiwa na makaa ya chengachenga yenye vumbi. Ubaridi ulipozidi watu wakakoka moto zaidi. Moshi ukazidi. Salfa iliyokuwa kwenye makaa ikageuka asidi ndani ya matone ya ukungu.

Hali hiyo ilidumu siku tano, hadi Jumanne tarehe 9. Makondakta walitembea mbele ya mabasi na mienge, kisha mabasi yakasimama. Magari ya wagonjwa yakashindwa kufika. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera la La Traviata lilikatishwa kwa sababu ukungu uliingia ndani na watazamaji hawakuliona jukwaa. Kwenye maonyesho ya mifugo ya Smithfield, yaliyofanyika Earl's Court, ng'ombe wa mashindano walianza kuhema, baadhi wakafa na wengine wakachinjwa wasije kufa. Ajabu ni kwamba nguruwe na kondoo walinusurika. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalisema ng'ombe wale wa thamani walikuwa wakibadilishiwa matandiko kila mara, na kwa hiyo walikosa mvuke wa mkojo na samadi ambao ungepunguza makali ya asidi. Sijui maelezo mengine ya kisayansi yanayochekesha na kutisha kwa pamoja namna hii.

Kuhusu binadamu, hakukuwa na kishindo. Hakuna aliyeanguka barabarani akishika koo. Waliokufa walikuwa wazee wenye mkamba, watu wa moyo, wenye pumu, watoto wachanga. Walifia vitandani mwao, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na maradhi yake ya kuandikwa kwenye cheti. Wa kwanza kujua kwamba kuna jambo walikuwa mafundi wa majeneza na wauza maua, kwa sababu bidhaa ziliwaishia. Serikali ilijua baadaye kidogo, tena kwa njia ya kutoa: wiki iliyoishia tarehe 13 Desemba viliandikishwa vifo 4,703 katika London na viunga vyake, wakati wiki kama hiyo ya mwaka uliotangulia vilikuwa 1,852.

Kiswahili chetu cha ofisini kina matumizi ya neno hewa ambayo hayamo katika vitabu vya fizikia. Mwaka 2016 Tanzania ilipokagua orodha za mishahara iligundua maelfu ya wafanyakazi hewa, yaani majina yanayolipwa bila kuwa na mtu. Tuna ahadi hewa, wanafunzi hewa, miradi hewa. Hewa ni kile ambacho hakipo. Nimekuwa nikiwafikiria wafu wa London kwa kutumia neno hilo, ila kwa kuligeuza. Mfanyakazi hewa yupo kwenye daftari lakini hayupo duniani. Mtu aliyeuawa na ukungu ule alikuwapo duniani, ana jina, ana mtaa, ana kaburi, lakini kwenye daftari kama mtu aliyeuawa na hewa hakuwapo. Alipatikana tu pale namba moja ilipotolewa kwenye nyingine.

Na hata namba hiyo ilipiganiwa. Hesabu rasmi iliishia kwenye vifo vya ziada vipatavyo 4,000. Vifo viliendelea kuwa juu hadi Machi 1953, na serikali ikavitwika homa ya mafua. Mwaka 2004 watafiti walizirudia takwimu zile na kuona mafua yaliyokuwapo hayawezi kubeba mzigo huo. Wakakadiria vifo 12,000. Wakati wa tukio lenyewe waziri aliyehusika, Harold Macmillan, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliwaandikia wenzake waraka wa siri kwamba hawawezi kufanya mengi, lakini wanaweza kuonekana wanashughulika. Ikaundwa kamati. Kwa haki, kamati hiyo, chini ya Hugh Beaver, ilifanya kazi ya kweli kuliko waliyoitarajia walioiunda, na wabunge kadhaa walikataa kunyamaza. Julai 1956 ikapatikana Sheria ya Hewa Safi.

Sheria ile napenda sana namna ilivyoshika jambo. Haikuishia kumwambia mwananchi moshi ni mbaya, mwananchi alijua. Iliziruhusu halmashauri kutangaza maeneo ambayo moshi wa majumbani hauruhusiwi, kisha fedha za umma zikagharimia sehemu kubwa ya kubadilisha majiko ya watu ili yatumie nishati isiyotoa moshi. Desemba 1962 ukungu ulirudi na kuua mamia, kwa hiyo haikuwa dawa ya siku moja. Lakini ilikuwa imekubali kwamba hewa ya mtaa ina mtu wa kuigharimia.

Tofauti ya Copenhagen na London naiona hapo. Copenhagen, hewa ya mgonjwa fulani ilikuwa mikononi mwa mwanafunzi fulani kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Akisinzia, inajulikana nani amesinzia. London, hewa ya watu milioni nane haikuwa ya mtu. Kila aliyekoka moto alichangia kidogo, na aliyeuza makaa mabaya alikuwa na sababu, na waziri alikuwa na bajeti. Nakiri ulinganisho wangu una ubavu dhaifu: kirusi hakina kiwanda, hakina wapiga kura, na ni rahisi kuungana dhidi yake. Moshi wa makaa ulikuwa pia joto la nyumbani na mshahara wa mchimbaji. Bado naamini ulinganisho unasimama. Hewa inayofaa kupumuliwa tunaichukulia kama iliyopo tu, kumbe mara nyingi ipo kwa sababu mtu fulani amepewa kazi ya kuhakikisha ipo.

Wachimba makaa walilijua hili mapema kuliko watu wa mjini. John Scott Haldane, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Scotland, aliyechunguza maiti za wachimbaji waliokufa kwenye milipuko, alionyesha katika ripoti yake ya 1896 kwamba wengi waliuawa na monoksidi ya kaboni na si moto. Alipendekeza wachimbaji washuke na viumbe wadogo, kwa sababu mwili mdogo unaopumua haraka huathirika kabla ya mtu. Ndipo chiriku wakaingia migodini, na Uingereza iliendelea kuwatumia hadi 1986. Hicho ni kipimo cha hewa kinachosomeka kwa kuanguka kwake kwenye kijiti. Mjini London mwaka 1952 kazi ya chiriku waliifanya wazee wa mtaani, ila hakuna aliyekuwa amepangiwa kuwatazama.

Ilichukua miaka mingine sitini na kitu hadi mtu mmoja wa London atoke kwenye hesabu ya kutoa na kuwa na jina. Ella Kissi-Debrah aliishi Lewisham, karibu na barabara kubwa ya South Circular, akiugua pumu kali. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Uchunguzi wa kwanza, mwaka 2014, ulitaja kushindwa kupumua. Mama yake, Rosamund, hakukubali jambo liishie pale, maana kushindwa kupumua ni namna mtu alivyokufa, haisemi kwa nini. Aliomba uchunguzi ufunguliwe upya. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kwa kiasi kikubwa kifo chake, na Ella akawa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa uchafuzi wa hewa miongoni mwa sababu za kifo. Tangu mwaka 1952 walikuwa wameshatangulia maelfu kwa maelfu.

Sisi huku bado tuko kwenye hesabu ya kutoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, huhusishwa na vifo vya mapema vipatavyo milioni saba kila mwaka duniani, na watu zaidi ya bilioni mbili bado wanapikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa. Kwetu ukungu wa London haushuki mtaani kwa siku tano, kisha magazeti yakaandika. Uko jikoni, kila jioni, na unaitwa kupika. Bibi yangu alikuwa na kikohozi ambacho nyumba nzima ilikijua kama inavyojua sauti ya mlango; tulisema ni cha uzee. Alipofariki, sababu iliyoandikwa ilikuwa nimonia, na simlaumu aliyeandika. Hakuna aliyemuuliza amepikia nini kwa miaka hamsini, na hata angeulizwa, fomu isingekuwa na mahali pa kuandika.

Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nimeusikia ukisemwa kwa lugha ya misitu zaidi ya lugha ya mapafu, jambo ambalo naona ni kosa la kimkakati, maana mama mwenye jiko la kuni hana muda wa kuhurumia msitu. Swali la mwaka 1956 linamhusu zaidi: jiko jipya nani analipa, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi nani anaujaza?

Ya Copenhagen nayo ilifika kwetu, kwa njia fupi ambayo sikuitarajia. Miaka michache baada ya mlipuko ule, katika mji uleule, mhandisi Holger Hesse na daktari wa nusukaputi Henning Ruben walitengeneza mfuko wa mpira unaojijaza wenyewe. Ukiubana hewa inaingia kwa mgonjwa, ukiuachia unajifungua na kuvuta hewa ya chumbani, bila mtungi wa oksijeni. Ulianza kuuzwa mwaka 1956, mwaka wa sheria ya London, kwa jina la Ambu. Ukimuuliza muuguzi yeyote wa Kiswahili hatatafuta neno lingine: ni ambu-bag.

Kuanzia mwaka 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yaliyoandaliwa kwa ajili ya sehemu zisizo na vifaa vingi. Mtoto asiyelia anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na ikishindikana anapewa pumzi kwa mfuko na kinyago kidogo ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake. Yalijaribiwa katika hospitali nane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Hakuna mashine mpya iliyoletwa kutoka Ulaya. Kilicholetwa ni kwamba mtu mmoja, mwenye jina, aliyepo chumbani, ajue kwamba pumzi ile ya kwanza ni kazi yake.

Mkunga mmoja wa Morogoro, rafiki wa dada yangu, alikubali kunionyesha anavyofanya. Alitumia vidole viwili na gumba, si kiganja kizima, kwa sababu pafu la mtoto mchanga ni dogo na ukibana kwa nguvu unalipasua. Nikamwuliza, dada, huwa unahesabu ni pumzi ngapi? Nadhani nilikuwa bado na zile milioni 198 kichwani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa huwa anapepesa macho mara ngapi.

"Mdogo wangu, pale huhesabu. Unaangalia kifua kama kinapanda."

Kisha akaniambia wodi yao ina mifuko miwili. Mmoja kinyago chake kimechanika ukingoni, hewa inavuja, na wameshaandika barua ya kuomba kingine.